UZI: Siku nne kwa mtumbwi Bwawa la Mtera. Mpango, mtumbwi na mzigo, kosoeni

#1 KafiMpya

Mbukwenyi wakuu.

Tuko wawili. Tunataka kupiga kafi Mtera siku nne, kulala ukingoni, kila kitu tunabeba wenyewe, hakuna injini. Rasimu hii hapa:

Mwezi ni Septemba kwa sababu mvua hakuna. Tunaanzia upande wa Migori, mkoani Iringa, tunavuka kwenda upande wa Dodoma, tunazunguka magharibi na kurudi. Kwenye picha ya setilaiti nimepima kilomita 110, yaani kama 28 kwa siku. Mtumbwi ama tununue wa faiba ama tukodi wa wavuvi. Mzigo: hema, jiko la gesi, boksi la barafu, viti viwili vya kukunja, maji ya chupa katoni tano.

Kosoeni bila huruma.

#2 UpepoWaKusi

Bila huruma basi. Hizo 110 zigawe kwa mbili, halafu punguza tena.

Watu wawili wenye mzigo, maji yakiwa kioo, wanakwenda kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Upepo wa usoni ukianza, hata ule wa kupepesa majani tu, mwendo unashuka hadi 2, na ukizidi hapo mnapiga kafi mkiwa palepale. Septemba ndiyo miezi ya upepo kwetu. Alfajiri kumetulia, saa 3 au 4 asubuhi upepo wa kusini-mashariki unaamka, alasiri unafika kileleni, unalegea jua likikaribia kuzama. Bwawa likijaa lina zaidi ya kilomita za mraba 600. Upepo unapata uwanja mrefu wa kukimbia, na kwa kuwa kina si kirefu, mawimbi yanakuwa mafupi, yamesimama, yanafuatana haraka. Wimbi la nusu mita la namna hiyo linamwaga maji ndani ya mtumbwi kabla pua haijainuka kutoka kwenye lililotangulia.

Kwa hiyo muda wenu halali majini ni kuanzia saa 12 na nusu asubuhi, macho yakishaona vizuri, hadi saa 4. Saa tatu na nusu mara kilomita 4 ni kilomita 14. Jioni upepo ukilala msishawishike kuongeza, ni saa ya viboko kutoka kwenda malishoni. Siku nne weka tatu za kusafiri na moja ya kukaa kambini upepo ukikataa kulala. Jumla ni kilomita 42, na hapo sijahesabu kuzunguka visiki.

Jambo la pili ni kuvuka. Upande wa Iringa ndiko upepo unakotokea. Ukisimama hapo maji ya karibu yametulia kwa sababu nchi kavu inayakinga. Unaondoka unasukumwa mgongoni, unafurahi, na kila mita mia mawimbi yanakua bila wewe kuyaona maana yanakuja kwa nyuma. Ukigeuka kurudi ndipo unakutana nayo usoni. Bakini ukingo wa kusini mwanzo hadi mwisho. Kwenda na kurudi njia moja si aibu.

#3 MtuWaMwalo

Naunga mkono, ila mwezi wenyewe pia haufai, na si kwa upepo tu.

Kiwango cha juu cha maji Mtera ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Hizo ni mita nane na nusu za kupanda na kushuka, kwenye bonde tambarare. Maji yakishuka mita moja, ukingo unaweza kuhama mbali kabisa na pale ulipouona kwenye ramani. Picha ya setilaiti uliyopimia ilipigwa siku moja ya mwaka mmoja. Ghuba uliyoiona inaweza kuwa shamba la mtu sasa hivi, na kisiwa kikawa kilima cha kuchungia ng'ombe.

Maji hupanda na mvua za Desemba hadi Aprili, pamoja na yanayoletwa na Ruaha Mkuu na Kizigo, kisha hushuka taratibu hadi mvua zirudi. Septemba mnapata mambo matatu mabaya kwa pamoja: upepo, tope na visiki.

Tope: ukanda ulioachwa na maji unaonekana mkavu juu, una nyufa, lakini chini ni uji. Mguu unazama hadi gotini, na mzigo uko mgongoni. Tafuta alama za kwato za ng'ombe zinazoingia hadi majini, pale ng'ombe anapokunywa maji bila kuzama na wewe utasimama. Penye mawe au mchanga ni bora zaidi.

Visiki: miti iliyofunikwa bwawa lilipojazwa bado imesimama. Inayochomoza haina shida, unaiona. Inayoua ni iliyokatika sentimita kumi chini ya maji. Dalili yake ni mkunjo mdogo wa maji usiosogea wakati mingine yote inasogea. Mkikwama juu ya kisiki, msisimame. Aliye karibu na kisiki ahamishe uzito taratibu kuelekea upande wenye maji chini yake, kisha rudini nyuma kwa njia ileile mliyoingilia. Kusukuma mbele kunakipeleka kisiki katikati ya mtumbwi, unazunguka kama pia ya kuchezea.

Nendeni mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Maji yako juu, visiki vingi vimezama mbali, mvua imekata, na upepo haujapata nguvu ya Agosti. Kabla ya kwenda, ulizeni kiwango cha maji Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, ofisi iko Iringa. Pitieni ofisi ya kijiji na kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo (ufuko wa wavuvi kushushia samaki) mtakaoanzia, muwaeleze mnalala wapi. Watu wawili wasiojulikana kwenye mtumbwi alfajiri wanaonekana wezi wa nyavu.

Na mbali kabisa na ukuta wa bwawa na milango ya maji. Chini ya ukuta pia si pa kuchezea, maji yanafunguliwa kulingana na mahitaji ya umeme. Juu kabisa ya mto Ruaha na Kizigo mnakaribia hifadhi na mapori ya akiba, huko ni kibali cha TANAPA (hifadhi za taifa) au TAWA (mamlaka ya wanyamapori), si cha mwenyekiti wa kijiji.

#4 KafiMpya

Asanteni wakuu, nimekunja ramani. Mei mwishoni, ukingo wa kusini. Sasa mtumbwi. Video nyingi za Kanada na Marekani wanasifia mitumbwi ya kevlar (nyuzi nyepesi, ngumu) ya kilo 20. Kuna haja?

#5 FundiMbao

Hapana. Wenzetu wana sababu. Kule Algonquin Kanada, au Boundary Waters kule Minnesota Marekani, safari ni kutoka ziwa hadi ziwa, na katikati unabeba mtumbwi begani msituni. Kule Minnesota njia za kubebea wanazipima kwa kipimo cha mita 5 na kidogo, karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Ukiubeba mara sita kwa siku, kila kilo unailipia kwa jasho. Mtera hubebi popote zaidi ya kuuvuta kutoka majini. Mtumbwi wa kilo 60 uliotulia ni bora kuliko wa kilo 20 unaopeperushwa na upepo kama gazeti.

Vipimo vya kutafuta kwa watu wawili: urefu karibu mita 5, upana wa katikati sentimita 85 hadi 95, kina cha ubavu katikati sentimita 35 au zaidi, chini pawe bapa kidogo lakini si kama sinia. Mtumbwi wa gogo mwembamba uache, wenye nao wamezaliwa nao.

Ukikodi wa mbao, kagua hivi:

Chukua ncha ya kisu, choma pole pole mbao za chini pua na nyuma, mahali maji yanapokaa. Ikizama bila ubishi, mbao imeoza. Tazama misumari, kutu inayotiririka ina maana tundu limeshapanuka. Kisha uliza mtumbwi umekaa nchi kavu muda gani. Jua la kwetu linakausha mbao hadi viungo vinafunguka, unaona mwanga katikati. Mtumbwi wa namna hiyo ulowekwe siku moja hadi mbili, umejazwa maji ndani na umelala majini, mbao zivimbe na kujifunga. Baada ya hapo ndipo uhesabu uvujaji. Kukusanya kikombe kimoja au viwili kwa saa si tatizo. Ukikusanya ndoo, rudisha kwa mwenyewe.

Faiba ina kasoro moja kubwa: ikijaa maji inazama kama haina vyumba vya hewa. Mbao ikijaa inaelea, lakini inaelea chini ya uso, haikubebi. Zote mbili dawa ni moja: madumu tupu ya lita 20 yenye vifuniko vya kukaza, mawili mbele na mawili nyuma, yafungwe chini ya viti kwa kamba kila ncha ya dumu. Kila dumu linainua karibu kilo 19, manne ni kama 76. Hapo mtumbwi uliojaa unabaki na ukingo juu ya maji na mnaweza kuufua, yaani kuteka maji na kuyamwaga nje.

Vifaa vya ukarabati: pamba au nyuzi za gunia za kusokomeza, lami kidogo kwenye kopo, patasi butu, vipande viwili vya bati laini la ukubwa wa kiganja, misumari midogo 30, nyundo ndogo, na soltepu pana. Bati chini yake weka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ndipo upige misumari.

Na mkienda kununua, ombeni kafi jamani, kasia ni la kupigwa ukiwa umekaa unatazama nyuma.

#6 UpepoWaKusi

Kwa kuwa umetaja kafi: watu hununua mtumbwi mzuri kisha wanakatiwa kafi la mninga zito kama mlango. Mnapiga kama mara 40 kwa dakika. Kwa saa tatu na nusu ni mara 8,400. Kafi likizidi gramu 300 tu, umeinua kilo 2,520 za bure kabla ya chai ya saa nne. Lisizidi kilo moja. Mkangazi au paina inatosha, mradi nyuzi za mbao zinyooke kutoka mpini hadi bapa. Bapa sentimita 45 hadi 50 kwa 18 hadi 20. Urefu wa mpini: kaa kwenye kiti kigumu, pima kutoka kitini hadi puani, huo ndio mpini bila bapa. Beba makafi matatu.

#7 Bi_Mizigo

KafiMpya kaka, katoni tano za maji? Za chupa 12 za lita moja na nusu kila moja ni kilo 18. Tano ni kilo 90, yaani mmebeba abiria wa tatu asiyepiga kafi. Mtumbwi wa vipimo vya FundiMbao unazama takriban sentimita moja kwa kila kilo 30, kwa hiyo maji yale pekee yanakula sentimita tatu za ukingo. Mkishapakia, ukingo wa katikati ubaki sentimita 20 juu ya maji. Chini ya 15 ni kurudisha vitu nyumbani bila mjadala.

Hesabu yangu ya watu wawili:

maji ya kunywa kilo 20 kwa kuanzia, chakula cha siku tano 8, hema 4, malazi 4, jiko la bati dogo na mkaa 6, sufuria na vyombo 3, nguo 6, kamba, nanga, upo (kopo) wa kufulia maji na vifaa vya kiraka 6, makafi 3, majaketi okozi 2, huduma ya kwanza, tochi na simu 2.

Jumla 64. Nyinyi wenyewe tuseme 140. Zote 204.

Boksi la barafu na viti vibaki Dodoma. Gesi sina ugomvi nayo, ila mtungi wake ni chuma kizito kinachobingirika, na mkaa kilo 3 unatosha siku tano kwa watu wawili mkipika mara mbili kwa siku.

Chakula kwa mtu mmoja kwa siku: unga wa uji gramu 80, sukari 30, karanga za kukaanga 100, sembe 300, mchele 180, dagaa wakavu 80, mafuta 40, mlenda mkavu 20. Ni gramu 830. Mlenda mkavu ndio kifaa bora cha safari kilichowahi kutoka Ugogoni: hauozi, hauna uzito, unaiva maji yakishachemka. Maharage yaacheni, yanamaliza mkaa wa siku mbili.

Maji ya kunywa lita 5 kwa kila mtu kwa siku, kwa hiyo lita 20 ni za siku mbili. Mengine mnachota. Yaacheni yatuame usiku, yamwageni taratibu, yachujeni kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha yachemke kwelikweli kwa dakika moja au zaidi. Vidonge vya klorini kwenye maji ya tope havifanyi kazi yake, tope linaila dawa kabla haijafika kwa vijidudu.

Vyombo: ndoo za rangi za lita 20 zenye kifuniko cha mpira, zimeoshwa. Moja chakula, moja nguo na malazi. Mkaa kwenye dumu la mdomo mpana, mkaa uliolowa ni mawe tu. Jaribu kila ndoo kwa kuizamisha imefungwa, ndani weka karatasi kavu, dakika tano. Karatasi ikilowa, badili mpira.

Vizito katikati na chini. Laza chupa ya maji iliyojaa nusu sakafuni: povu la hewa linaonyesha upande ulioinuka. Siku ya kawaida liwe katikati. Upepo ukiwa usoni sogeza dumu moja la maji mbele, ukiwa mgongoni lirudishe nyuma, vinginevyo pua inayumbishwa na aliye nyuma anakesha kunyoosha.

#8 Kingo_Mbili

Kuna haja gani ya jaketi kama wote wanajua kuogelea? Joto lenyewe lile.

#9 MtuWaMwalo

Kuogelea ukiwa na mikono iliyochoka, viatu, na mtumbwi unaopeperushwa mbali nawe kwa kasi kuliko unavyoogelea? Livaliwe, si likaliwe. Lililofungwa kwenye kiti ni mto wa kukalia tu.

Mengine sokoni ni sponji ya godoro ndani ya kitambaa cha rangi ya chungwa. Jipimie: funga chuma cha kilo 8, ambacho ndani ya maji kinabaki kama kilo 7, tupa kwenye pipa refu la maji. Likielea, sawa. Liache limezama saa 24 chini ya jiwe kisha rudia. Sponji mbovu itakuwa imekunywa maji na itabaki chini. Filimbi kwenye kila jaketi, milio mitatu ni kuomba msaada. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, ila mtandao mbali na barabara si wa kutegemea. Tegemeo ni mtu wa mwalo anayejua mnarudi lini na aanze kuulizia saa ngapi.

#10 MlindaKambi

Viboko na mamba, maana mmewataja kwa kupita tu.

Kiboko akishtuka anakimbilia maji ya kina. Ukiwa kati yake na kina, uko njiani kwake. Kwa hiyo pita upande wa maji mafupi, kina umwachie yeye, na uwe mbali, mita 100 ni kidogo. Kabla ya kukunja kona yenye matete gonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi mara mbili tatu, halafu subiri vichwa vitokee. Waongoza safari za mitumbwi kule Zambezi wanafanya hivyohivyo: kiboko aliyejitokeza unamjua alipo. Akizama akielekea kwenu, msisubiri kuona, ingieni ufukweni.

Hatari ya pili ni kiboko aliye nchi kavu asubuhi anayerudi majini. Ndiyo sababu ya pili ya kutoondoka gizani.

Kambi: angalia mapito. Ya kiboko yana mistari miwili yenye tuta katikati, na kinyesi kilichotawanywa kwenye vichaka. Usiweke hema juu yake wala kati yake na maji. Kaa mita 50 au zaidi kutoka ukingoni, mahali palipoinuka. Mtumbwi uvutwe juu, ugeuzwe, ufungwe kwenye mti, upepo wa usiku unabeba.

Mamba: kuchota maji ni mchana, kwa ndoo yenye kamba, umesimama mahali maji yanaonekana chini, na si mahali palepale kila mara. Samaki wasisafishwe kambini. Mkono usining'inie majini. Kuoga ni kwa ndoo, mbali na ukingo.

#11 Bi_Mizigo

Na kichocho. Minyoo yake hutoka kwa konokono wengi zaidi mchana, kati ya saa 4 na saa 9, penye majani na maji yaliyotulia. Kushuka na kusukuma mtumbwi kufanyike asubuhi, na ngozi ikilowa ikaushwe kwa taulo papo hapo. Maji ya kuoga yaliyochotwa yakikaa siku mbili kwenye chombo kisicho na konokono, minyoo inakufa. Mkirudi, pimeni baada ya miezi mitatu hata kama hamuumwi, mkipima wiki ya kwanza majibu hayatakuwa na maana.

#12 KafiMpya

Nimeandika upya. Mwishoni mwa Mei. Ukingo wa kusini, kilomita 14 siku ya kwanza, 7 siku ya pili na kubaki kambini, 14 za kurudi siku ya tatu, 7 za mwisho siku ya nne. Mtumbwi wa mbao wa kukodi, tunafika siku mbili kabla kuulowesha. Madumu manne tupu. Mzigo kilo 64. Kila kitu nitakifunga kwa kamba moja ndefu ya mita 15 kutoka pua hadi nyuma.

#13 FundiMbao

Kila kitu sawa isipokuwa kamba. Kamba ndefu iliyolegea ndani ya mtumbwi uliopinduka inakamata miguu. Kila ndoo ifungwe fupi kwenye ubao wa kukalia, isicheze hata kiganja, kwa fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja. Upo wa kufulia ufungwe karibu na mkono wa aliye nyuma kwa kamba ya mita moja. Kisu kimoja kwenye jaketi la kila mtu. Kafi la tatu halifungwi, libanwe chini ya mpira wa tyubu ili litoke kwa mkono mmoja.

#14 UpepoWaKusi

Na siku ya nne ndiyo yenye kilomita 7, vizuri, ila msiigeuze kuwa siku ya akiba. Upepo ukiwafungia kambini siku ya tatu, kilomita 21 zote zitaangukia ya nne, na hizo haziishi saa 4. Siku ya pili gonga 5 badala ya 7. Ya tatu rudini 14, ya nne zibaki 5. Na chakula cha siku ya tano msikile hata mkiwa mnaona magari barabarani.